Nyeusi tupu nayo ni picha?

SWALI: Shikamoo anko. Mi nachora, bado najifunza, na mwalimu wetu kila siku anasema nyeusi inaua picha, ukitaka kivuli changanya bluu na kahawia. Sasa nimeona kwenye simu kuna mzee wa Kifaransa kapaka turubai zima jeusi tii na kazi zake zinauzwa mapesa. Alikuwa anatutania au? – Chipukizi, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo lazima ni Pierre Soulages, kafariki Oktoba 2022 akiwa na miaka 102, na hakuwa na utani kabisa. Mwaka 1979 alikuwa anahangaika na picha moja nyeusi ikazidi mpaka ikafunika kila kitu, akaona kaharibu, akaenda kulala, kurudi kuitazama ndo akagundua anachokiona pale ni mwanga unaocheza juu ya mistari ya brashi. Tangu hapo akawa anapaka nyeusi nzito halafu anaikwangua, huku laini huku mifereji, ukisogea hatua mbili sehemu iliyokuwa giza inang'aa kama bati. Sasa hicho simu haiwezi kukuonyesha, simu inakupa mraba mweusi basi, kwa hiyo sikulaumu. Makumbusho yake yako kwao Rodez, Ufaransa, yalifunguliwa 2014.

Mwalimu wako pia hajakosea, anajua mwanafunzi mvivu akiona kivuli anakimbilia kopo jeusi. Ila nyeusi haiko moja! Mtafute Kerry James Marshall, Mmarekani mweusi mzaliwa wa Alabama, yeye watu wake anawachora weusi kwelikweli, hawapunguzi hata kidogo ili wapendeze machoni pa wengine (na hapo ndo nampendea), anaanza na nyeusi za aina tatu, ya mifupa iliyochomwa, ya masizi na ya oksaidi ya chuma, kisha anazitia bluu, kijani au zambarau, ndo maana ngozi zina uhai. We jaribu hivi: chukua kipande cha plaiwudi, nusu paka nyeusi ya mafuta nusu nyeusi ya maji, weka dirishani, angalia asubuhi na jioni, halafu kampelekee mwalimu.

SWALI: Eti kuna msanii kanunua rangi nyeusi peke yake, wengine hawaruhusiwi kuitumia? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Ni kweli. Nyeusi hiyo inaitwa Vantablack, ilitolewa na kampuni ya Uingereza 2014, inameza zaidi ya asilimia 99.9 ya mwanga, na 2016 ikajulikana kwamba kwenye sanaa ni mchongaji Anish Kapoor peke yake mwenye ruhusa. Wasanii walichemka. Mmoja wao, Stuart Semple, akatengeneza pinki kali akawauzia watu wote isipokuwa Kapoor, mnunuzi anathibitisha kabisa kwamba yeye si Kapoor, na Kapoor bado akaipata, akaposti kidole cha kati kimechovywa humo!

Kwangu mimi kujimilikisha nyeusi ni ubinafsi tu, na wala haikuwa lazima. Kazi ya Kapoor ya 1992, shimo la kina cha mita mbili na nusu hivi lililopakwa nyeusi ndani, inaonekana kama duara limechorwa sakafuni, na hapo Vantablack haijazaliwa. Mwaka 2018 kule Porto, Ureno, mtu mmoja alitumbukia humo akapelekwa hospitali.