Gari imetembea kilometa laki mbili? Usikubali kuijaribu kwa raundi moja ya mtaa

Wiki iliyopita nimepata meseji ya msomaji yuko Mbeya, anasema kapata Toyota Spacio ya 2003, kilometa 230,000, bei imemkaa, na muuzaji kamwambia apite jioni apige raundi moja pale mtaani halafu walipane. Anauliza dada, hizo kilometa si nyingi sana? Nilianza kumjibu kwa simu tukaongea mpaka salio likakata, nikaona bora niandike hapa maana najua mko wengi, unajibana kwenye kikoba miaka, unataka kausafiri kako uache kugombania daladala na mtoto mgongoni, na hela uliyonayo haifiki ya kuagiza Japani. Ni hiyo hiyo gari yenye plate namba C au namba D iliyochoka kidogo ndo saizi yetu.

Jibu langu ni kwamba kilometa hazinitishi, kinachonitisha ni hiyo raundi moja ya jioni.

Mimi ni nesi, natoka zamu ya usiku, nakaa huku Kibamba, Dar, kwa hiyo habari ya kusimama kituoni alfajiri naijua vizuri. Nilipoanza kutafuta gari nilikuwa na milioni nane na nusu na nilizipata kwa jasho, sikuwa na za kuchezea. Dalali mmoja akaniletea picha za Toyota Rav4 ya 2002, ya silva, inang'aa, viti vimevalishwa leza mpya, dashibodi inasoma kilometa 98,000. Kila niliyemwonyesha picha akasema hiyo usiiache. Hata mimi moyo ulishaenda, sitaficha, nilishaanza kujiona naingia nayo getini kazini.

Nikamwambia dalali nakuja saa moja asubuhi na naomba gari isiwashwe kabla sijafika. Akasema hakuna shida. Nafika naweka mkono juu ya boneti, la moto. Namuuliza, ananijibu "nimeipasha dada isikusumbue". Hapo tu ningeweza kugeuza, lakini fundi wangu (nilienda naye, hili nitalirudia) akasema ngoja tuiangalie. Akafungua mlango wa dereva akachungulia ubavuni pale kwenye nguzo ya mlango, kuna kistika cha Kijapani cha kubadilisha oili, wengi huwa wanakiona kama uchafu. Kimeandikwa H22, na kilometa 121,400. Hiyo H ni Heisei, kalenda yao ya mfalme aliyepita, unachukua namba unajumlisha 1988, kwa hiyo H22 ni 2010. Yaani mwaka 2010 huko Japani gari ilishafika 121,400, leo iko Dar inasoma 98,000. Kilometa zimerudishwa nyuma mchana kweupe halafu stika wakasahau kuibandua.

Sikusema kitu. Nikaomba tuendeshe. Dalali akataka tuzunguke mtaa turudi, nikamwambia hapana, mafuta naweka mimi, leseni hii hapa, bima ya gari nimeshaiangalia iko hai, wewe kaa mbele na mimi, fundi nyuma, tunatoka Ubungo tunapanda Morogoro Road mpaka Kibamba tunarudi. Akanuna lakini akapanda.

Mwanzoni gari ilikuwa tamu mno. Tumepita Ubungo, tumeanza kupanda kwenda Kimara, AC imewashwa, watatu tumekaa ndani, hapo ndo ikaanza. Ikitoka gia ya pili kwenda ya tatu inapiga, unasikia "dum" mgongoni kama mtu kakupiga teke la kiti. Mara ya kwanza unajiambia labda barabara. Ikarudia. Tulivyofika Kibamba nimesimamisha naweka R, inakaa kimya kwanza, halafu ndo inashtuka kurudi nyuma. Tulipoondoka mwanzoni haikufanya hivyo hata kidogo. Rav4 za miaka ile, hasa hizi za 2001 mpaka 2003, kuna ugonjwa wa kontroli boksi, ile kompyuta ya gari, kuharibu ubadilishaji wa gia, ukichelewa inakula na giaboksi yenyewe. Dalali anasema ndo zilivyo zote. Fundi akanitazama kwenye kioo akatikisa kichwa, basi.

Nikamwambia kaka asante, hii siichukui. Jamaa akashuka, mbele za watu pale sheli, akaanza: "Dada kama huna hela sema, usitupotezee muda, gari za wanaume hizi." Niliumia. Mpaka leo naandika hapa naumia, kwa sababu hela nilikuwa nayo, na ningekuwa mwanaume asingenijibu vile. Na nawaambia kina dada mnaosoma, maneno yale ni silaha ya biashara, wanajua ukishatukanwa kwamba huna hela utataka kuonyesha kwamba unayo. Wengi wanalipa pale pale kwa hasira. Usilipe. Bora uonekane huna.

Ile niliyonunua ndo Spacio, ya mzee mmoja mstaafu Mbezi, kilometa 218,000 na hakuficha hata moja. Ana daftari, kila oili aliyobadilisha kaandika tarehe. Simu ya kwanza tu nikamwambia baba naomba nisikute imewashwa, akasema binti yangu njoo hata alfajiri mimi naamka kuswali. Nimefika boneti la baridi kama jiwe.

Tukaanza na vya baridi kabla ya ufunguo. Mfuniko wa rejeta unafunguliwa injini ikiwa imepoa tu, ukifungua ya moto inakuunguza uso. Maji yakawa ya kijani safi ya coolant, hayana kutu wala mafuta juu. Mfuniko wa oili ukageuzwa, hauna ule uji mweupe wa maziwa ya chai. Halafu ufunguo unauweka ON bila kuwasha, taa ya injini, ya ABS na ya airbag lazima zote ziwake kwanza. Hapa watu hawaangalii. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayowaka, maana kuna mtu kaing'oa balbu au kaiziba ili usiione.

Ikawashwa. Silensa, yaani mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama, ikaanza juu kidogo halafu ikashuka yenyewe taratibu kadri inavyopata joto, ndo inavyotakiwa. Spacio ile ina injini ya 1NZ, cc 1500, inatumia cheni ya taimingi sio mkanda, kwa hiyo unasikiliza kama cheni inalia. Ikilia kidogo ikanyamaza sio neno, ikiendelea kulia umepata hesabu nyingine. Fundi akasimama nyuma kwenye ekzosi. Moshi wa bluu ni oili inaungua, mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto ni maji yanaingia ndani, mweusi ni mafuta yanazidi. Kuna Spacio za cc 1800 pia, zenye 1ZZ, za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa kula oili, ukikutana nayo hapo kwenye moshi na kwenye stiki ya oili tulia zaidi.

Halafu tukaendesha, na sio kidogo. Nilichagua njia yangu mwenyewe. Tulianza na vumbi na mashimo ya mtaani, redio imezimwa, vioo vimefungwa, halafu tukarudia vimefunguliwa karibu na ukuta maana ukuta unarudisha sauti. Ikagonga mbele kushoto, fundi akasema stabilaiza link na bushi, vifaa vidogo vya miguu ya mbele, vya maduka ya spea ya Gerezani, bei ya kawaida. Uwanjani nikakata usukani mpaka mwisho nikazunguka polepole kulia, kisha kushoto, ukisikia "ka ka ka ka" ni jointi za mbele. Haikulia. Lami ya Makongo kwenda Goba ina vilima vya kweli, pale ndo nikaiuliza giaboksi maswali yote, kupanda nusu mguu, kupanda mguu wote, kushuka, kubonyeza kile kitufe cha O/D cha gia ya juu kuizima na kuiwasha. Ikabadilisha laini. Barabara ilipokuwa tupu nikapunguza kushika usukani nione kama inavuta upande, nikafunga breki kwa nguvu, usukani ukatetemeka kidogo, disc za breki zimepinda. Ikaandikwa.

Halafu makusudi kabisa nikaingia nayo kwenye foleni ya Mwenge saa ile ya jua, AC mwisho. Mzee akaniuliza binti mbona unajitafutia shida, nikamwambia baba hapa ndo nitaishi nayo. Gari ya zamani inaweza kukimbia vizuri kwa upepo wa barabarani halafu ikachemka ukisimama kwa sababu feni ni mbovu au rejeta imeziba. Mshale wa joto ukakaa pale pale chini ya nusu.

Tuliporudi hatukuzima. Tukaiacha inaunguruma kidogo, nikakanyaga mafuta ghafla, fundi anatazama ekzosi, ukiona wingu la bluu pale ni seal za valvu. Halikutoka. Oili ya giaboksi ikapimwa injini ikiwa inawaka, upande wa HOT wa stiki, imekolea rangi lakini haina harufu ya kuungua. Tukazima, tukawasha tena ikiwa ya moto, maana kuna gari inawaka vizuri asubuhi ikishapata moto inagoma kwenye sheli na watu wanakupigia honi. Mwisho fundi akachomeka mashine ya kusoma makosa ya kompyuta ya gari, na nasema mwisho kwa sababu kama kuna mtu kafuta makosa asubuhi, ukipima kabla ya kutembea huoni kitu.

Sasa ndugu zangu nisikilizeni. Mnapenda sana dashibodi yenye namba ndogo. Mnamuuliza muuzaji "imetembea ngapi" kabla hata ya kuuliza "imetunzwaje", ndo maana wanarudisha, wanawapa mnachokitaka. Gari ya 2003 iliyotembea kihalali itakuwa na kilometa nyingi, itoke wapi na chache? Angalia pedali ya breki, angalia usukani umelambwa kiasi gani, linganisha na namba. Mwenye haraka asiyetaka gari ipate moto mwache na gari yake. Anayesema kuna mteja mwingine njiani, mwambie amuuzie huyo mteja. Na fundi awe wako, umempeleka wewe na umemlipa wewe, sio wa kutafutiwa na dalali, maana huyo wa dalali ana fungu lake pale. Hela usitembee nayo mfukoni siku ya kujaribu, ukiwa nayo akili inalegea.

Yale yaliyoandikwa, link, bushi, disc na matairi mawili, ndo yalinipunguzia bei. Sikumkashifu mzee gari yake, nilimwonyesha karatasi tu, akasoma, akatoa laki sita. Tukaangalia deni la trafiki na la maegesho kwa namba ya gari kabla ya kulipa, jina kwenye kadi likalinganishwa na kitambulisho chake, mkataba tukaandikia kwa wakili, hela ikapita benki. Link, bushi na disc nilizifunga wiki ile ile pamoja na kumwaga oili zote mbili, ya injini na ya giaboksi, hiyo ya pili nikachukua aina ya T-IV inayotakiwa na Toyota hiyo na sio yoyote ya dukani, na kwenye daftari la mzee nikaendelea kuandika pale alipoishia.