Kabla hujatoka studio na wimbo wako

Wadogo zangu mnaoanza kurekodi, marafiki wengi wa studio hawagombani wimbo ukibuma. Wanagombana ukihiti, kwa sababu hakuna aliyeuliza mapema wimbo ni wa nani.

Hakimiliki haiombwi. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Na. 7 ya 1999, kazi yako inalindwa tangu ulipoitunga, na ulinzi unadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Hata hivyo isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki (Zanzibar ni COSOZA). Mkifikishana mbele ya sheria, cheti kinakuongezea ushahidi, na anayekusanya mirabaha, yaani malipo ya kazi yako kutumika, hawezi kukulipa kwa kazi asiyojua ni yako.

Wazo tupu halilindwi. Ukinisimulia wimbo wa dereva bodaboda aliyeachwa na mchumba, nami nikautunga kwa maneno na melodi yangu, huna la kunidai.

Sasa kwenye biti, ambako ndiko kwenye kesi. "Nimelipia, ni yangu" haitoshi. Ulilipia umiliki, au ruhusa ya kuitumia tu? Ni peke yako, au prodyuza anaweza kumpa na mwingine? Asipokujibu kwa maandishi, hesabu kwamba hujajibiwa. Na kumbuka ndani ya wimbo mmoja kuna mtunzi wa mashairi, mtunzi wa muziki, mwimbaji na mzalishaji wa rekodi, kila mmoja na haki yake. Inaweza kuwa mtu mmoja, inaweza kuwa watano.

Mimi natumia ukurasa mmoja wa daftari: jina la wimbo, tarehe, majina kama yalivyo kwenye kitambulisho (a.k.a. hubadilika kila msimu), nani kafanya nini, asilimia, saini. Kisha kila mtu anaupiga picha kwa simu yake. Jumlisheni asilimia kabla ya kusaini. Nimeshaona karatasi zilizofika 120. Fanyeni siku hiyohiyo, maana wimbo ukishapata watazamaji, hata aliyeleta chipsi atakumbuka kwamba kiitikio ni chake.

Kuhusu kusampo, yaani kuchukua kipande cha wimbo wa mtu ukakiweka kwenye wako: hakuna sheria inayosema sekunde saba ni za bure. Omba ruhusa. Kuandika "sina haki na wimbo huu" chini ya video YouTube ni kukiri tu kwamba ulijua una mwenyewe.