Tathmini ya jotoardhi ianzie kwa mtumiaji wa joto

Nimezaliwa Malindi, na kwa miaka kadhaa nimeshiriki kuandaa tathmini za matumizi ya moja kwa moja ya jotoardhi, yaani kulitumia joto lenyewe bila kuligeuza umeme. Anayeanza kazi hii namwomba aanze hesabu zake kwa mtumiaji, wala si kwa kisima kinachotoa maji moto au mvuke.

Ripoti yangu ya kwanza, iliyowahusu wakulima wa Baringo, nilianzia kisimani. Nilitazama nyuzijoto za maji, nikapendekeza mtambo wa kukaushia embe, kwa kuwa nyuzi 60 hivi zatosha kukausha matunda. Nilipokuja nyumbani nikamweleza mjomba wangu, mwenye miembe ya ngowe kando ya mto Sabaki. Akaniuliza, "Na embe zikiisha, mwanangu, huo mtambo utakausha nini?" Sikuwa na jibu. Mtambo na mabomba hugharimiwa mwaka mzima, ilhali embe ni za miezi michache, na katika ripoti nzima sikuwa nimetaja mahindi, samaki wala zao lingine la kujaza miezi iliyobaki.

Waridi za Naivasha hazina tatizo hilo. Shamba la maua la Oserian lilipasha joto vivungulio vyake kwa kisima cha Olkaria, eneo la jotoardhi lililo karibu, hasa usiku, ili unyevu upungue na ukungu usishambulie maua. Shamba lilikuwa jirani na kisima, na maua yalivunwa mwaka mzima. Umbali nao upimwe mapema. Iceland husafirisha maji moto kilomita 27 kutoka Nesjavellir hadi Reykjavik, lakini bomba hilo linahudumia jiji lenye baridi. Mvuke wetu uko Bonde la Ufa, kwa hiyo wenzangu wa Malindi wanaponiuliza utafika lini huku, huwajibu wazi kwamba utakaotufikia ni umeme wake tu.

Maji ya visima aghalabu hubeba madini ya silika, ambayo huganda mabombani, basi gharama ya kusafisha iingizwe tangu mwanzo.

Kisha nenda Eburru, eneo la mvuke karibu na Naivasha, ambako wenyeji wamekuwa wakiupoza mvuke wapate maji ya kunywa, na kukausha pareto kwa joto lake. Keti nao, uwaulize kila nyumba hununua mizigo mingapi ya kuni kwa mwezi na kwa bei gani, maana kuni ndizo joto hili lingechukua nafasi yake. Majibu hayo ndiyo ninayoyaandika sasa katika ukurasa wa kwanza wa ripoti, kabla ya nyuzijoto.