Hataza zinamfaa hata mwanafunzi

Mwalimu, umeuliza hataza, yaani hati zinazomlinda mvumbuzi ili wengine wasitumie uvumbuzi wake bila ruhusa, zitawafaa nini wanafunzi wa ufundi ambao bado hawajavumbua kitu. Zitawafaa sana! Ingia Espacenet au PATENTSCOPE, hazina za hataza mtandaoni, ni bure, utafute pampu ya mkono. Anza na michoro: kila kipande kina namba, na maelezo yanakwambia valvu, tuseme namba 12, inafunguka lini na pampu za awali zilikuwa na kasoro gani. Hapo ndipo pa kuwabana: "Nyinyi mngeiondoaje kasoro hiyo?" Madai ya kisheria, yaani sehemu inayotaja hasa kinacholindwa, waachie baadaye, lugha yake ni ngumu kweli. Hataza kwa kawaida hudumu miaka 20 tangu iombwe. Pampu ambayo hataza yake imekwisha muda, waitengeneze na kuiboresha bila kumwomba mtu ruhusa.