Barua kwa mwanangu: yule mama wa vikombe

Mwanangu,

Marahaba. Huku Helsinki baridi imeanza kulegea, magoti hayajambo, kazini tunasukuma. Ujumbe wako niliusoma usiku baada ya zamu, nikaona nikuandikie barua, maana kwenye simu tungeishia kwenye bei ya mchele.

Umeniuliza hivi: yule mama, Tove Jansson, aliyechora vile viumbe vya Moomin kwenye vikombe nilivyokuletea, alikuja kuwa msanii wa kweli au katuni zilimmeza? Na nyuma ya swali hilo naliona jingine. Umepewa kazi ya kuchora ukuta wa zahanati, na wenzako wamekuambia hiyo ni kazi ya mafundi mabango, bora ukae usubiri maonyesho.

Nianzie nyumbani kwao. Tove Jansson alizaliwa hapahapa Helsinki mwaka 1914. Baba yake, Viktor, alikuwa mchonga sanamu. Sanamu ni jambo la heshima, ila mnunuzi wake haji kila mwezi. Mama yake, Signe, alikuwa Mswidi. Walikutana Paris wakisomea sanaa. Huyo mama ndiye aliyekuwa na kipato cha kutegemewa: alichora majalada ya vitabu, katuni za magazeti, na kwa miaka mingi alibuni stempu za posta za Ufini. Basi nikuulize mimi sasa, katika nyumba ile msanii wa kweli alikuwa nani? Watu walibandika kazi ya Signe kwenye bahasha zao kila siku, na sidhani kama kuna aliyemwuliza lini atafanya maonyesho.

Tove naye alianza mapema. Mwaka 1929, akiwa na miaka 15, alishachora kwenye Garm, gazeti la kejeli la Wafini wanaozungumza Kiswidi, hilohilo alilolichorea mama yake. Aliendelea mpaka lilipokufa mwaka 1953. Usidhani ni vichekesho vya watoto. Oktoba 1938, Hitler alipokuwa ametoka kupewa kipande cha Chekoslovakia kule Munich, Tove alimweka jaladani kama mtoto mdekaji anayelilia keki zaidi huku wakubwa wakimbembeleza. Miaka michache baadaye nchi hii ilipigana bega kwa bega na Wajerumani, na binti huyu hakuacha kuchora. Na ni humohumo Garm, wakati wa vita, kile kiumbe chenye pua ya kiboko kilipoanza kuchungulia karibu na sahihi yake.

Sasa twende kwenye kuta, maana ndizo zako.

Vita vilipokwisha, Ufini ilikuwa maskini na inajijenga. Tove alikuwa ameshafanya maonyesho yake ya kwanza ya peke yake mwaka 1943, lakini maonyesho hayalipi kodi. Alichukua kazi za kuta zilipopatikana: kantini ya kiwanda cha umeme cha Strömberg mwaka 1945, shule ya chekechea Kotka mwaka 1949, hata picha ya madhabahuni katika kanisa la Teuva mwaka 1953, ya wale wanawali kumi na taa zao. Katikati ya miaka ya 50 aliwachora viumbe wake kwenye ngazi za hospitali ya watoto ya Aurora. Hospitali, mwanangu. Waambie hao wenzako.

Ila mbili nilizoziona kwa macho yangu ni za mwaka 1947. Ziliagizwa kwa ajili ya mkahawa wa chini ya ukumbi wa jiji la Helsinki, moja ya sherehe ya mjini na nyingine ya sherehe ya shamba. Siku hizi zipo kwenye jumba la sanaa la jiji, HAM. Zimechorwa kwenye lipu mbichi. Wewe umekulia Tanga, chokaa unaijua. Fundi anapiga lipu ya chokaa kiasi kitakachochorwa siku hiyo tu. Mchoraji anapaka rangi iliyosagwa kwa maji kabla lipu haijakauka. Chokaa ikivuta hewa inageuka jiwe, na rangi inafungiwa humo ndani. Ukikosea, hakuna kufuta, unabandua na kupiga lipu upya. Ndiyo maana alianza kwa kuchora kila kitu kwa mkaa kwenye karatasi zenye ukubwa uleule wa ukuta.

Ile ya mjini ina dansi, maua na magauni ya kupepea, hadi unasahau kwamba nje ya mkahawa ule watu walikuwa bado wanakula kwa kadi za mgao. Mbele kabisa amekaa Tove mwenyewe mezani, sigara mkononi, dansi ameipa mgongo. Nyuma yake anacheza Vivica Bandler, mwanamke wa tamthilia ambaye Tove alimpenda wakati ule. Mapenzi ya namna hiyo yalikuwa kosa kisheria Ufini mpaka mwaka 1971, na baba yake Vivica alikuwa mmoja wa wakubwa wa jiji lililoagiza picha. Wakubwa wakawa wanakula chini ya siri hiyo, na ukuta haukusema neno. Kisha sogea karibu na glasi iliyo mezani pa Tove: kimesimama kile kiumbe cha kwenye kikombe, kidogo mno, kama mtoto aliyeingia sherehe bila kadi. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaanza kuniangalia kwa jicho la pembeni.

Kwa hiyo kuta hazikummeza. Kilichokaribia kummeza ni kitu kingine, na hapa ndipo nataka unisikilize. Mwaka 1952 alitia saini mkataba wa miaka saba na kampuni ya magazeti ya London. Kuanzia 1954 katuni zake zikawa zinatoka katika The Evening News, vipande sita kila wiki, zikasambaa nchi nyingi. Pesa ilikuwa nzuri, kwa mara ya kwanza akaacha kuhesabu sarafu. Lakini katuni ya kila siku haina mahali pa kumalizikia. Unamaliza ya Jumamosi, ya Jumatatu inakungoja. Turubai zake za kuchorea zilikaa bila kuguswa. Mkataba ulipofika mwisho mwaka 1959 alikataa kuuongeza; mdogo wake Lars, aliyekuwa akimtafsiria maneno kwa Kiingereza, akaipokea kazi na kuifanya hadi 1975. Tove akarudi kwenye rangi za mafuta, akaandika, akajenga kibanda kwenye kisiwa kidogo cha Klovharu na Tuulikki Pietilä, mchoraji mwenzake waliyeishi pamoja mpaka Tove alipofariki mwaka 2001. Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona mimi, ingawa si msomi wa sanaa: ukuta una kona nne, ukizifikia unaosha brashi na kwenda nyumbani.

Chukua zahanati. Ila usichukue kichwa kichwa. Malipo ya awali yaingie kabla hujanunua hata kopo moja la rangi. Waandike ni mara ngapi wanaruhusiwa kukubadilishia mchoro, la sivyo kila ofisa atakayepita atataka umwongezee twiga. Sahihi yako ikae mahali mtu mzima anaiona. Na kuwe na neno kuhusu picha yenyewe itakuwaje baadaye. Huku kuta za Tove zilihamishwa zikatunzwa, kwetu hupakwa nyeupe usiku mmoja kwa sababu mgeni rasmi anakuja.

Ule mpango mwingine ulionitajia, wa kampuni iliyotaka uwachoree kila siku bila kikomo, kwa pesa ya mwezi, huo tuongee kwanza.

Nitumie karatasi za zahanati kabla hujatia saini, hata kama zimeandikwa kwa mkono. Na mwombe mganga mfawidhi akuonyeshe upande wa pili wa ukuta, uone kama kuna bomba linapita hapo.

Msalimie bibi.

Mama yako