Fundi, freti za besi zinapimwaje?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro na napiga besi kwenye kwaya ya kanisa. Nimeamua kujitengenezea gitaa la besi la nyuzi nne, kwa kujifurahisha tu. Ubao wa mninga ninao na umbo la kiwiliwili nimeshalichora. Nafikiria kunakili freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, kwa karatasi kutoka gitaa la kanisani. Itakubali? Na shingo niifanye ya mninga au nitafute mpingo? Kuna mtu kaniambia nitie nondo ndani ili isipinde.

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Mchoro wa kiwiliwili uweke kando kwanza. Karibu kila anayeanza huanzia hapo kwa kuwa ndipo panapoonekana, lakini gitaa litaimba sawa au litapotea sauti kutokana na mstari mmoja tu: kuanzia kile kipande cha mfupa chenye vijifereji juu ya shingo, hadi kwenye daraja ambako nyuzi zinakalia. Mstari huo uchore kwa ukubwa wake halisi kwenye hadibodi kabla hujagusa mninga wako.

Kwa besi nyingi mstari huo una urefu wa inchi 34, ule ambao kampuni ya Fender walianza nao kwenye besi yao ya Precision Bass mwaka 1951. Ni kama milimita 864. Zipo pia fupi za inchi 30, na kwa macho tu ni rahisi kudanganyika. Ndiyo maana sikushauri kunakili. Hujui kama la kanisani limewahi kubadilishwa ubao wa freti au mfupa, na karatasi yenyewe hutanuka hewa ikiwa na unyevu.

Hesabu haiwezi kumshinda mwalimu. Gawanya urefu wote kwa 17.817, unapata umbali wa freti ya kwanza. Uutoe kwenye urefu, kilichobaki ukigawanye kwa namba ileile, na kuendelea. Kwa 864, freti ya kwanza iko milimita 48.5 kutoka kwenye mfupa. Inabaki 815.5, ukigawanya unapata 45.8, kwa hiyo ya pili iko 94.3. Ya tano itaangukia 216.7, ya saba 287.3, na ya 12 lazima iwe 432, nusu kamili, kwa sababu hapo ndipo noti ya uzi mtupu inaporudi oktevu moja juu. Isipoangukia nusu, weka msumeno chini urudie hesabu.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo wengi wanapoharibikiwa. Kila freti ipime kutoka kwenye mfupa, kwa rula ndefu ya chuma iliyobanwa isisogee. Usipime kutoka freti moja kwenda nyingine. Ukikosea nusu milimita tu kila hatua, na makosa yakaelemea upande mmoja, ukifika freti ya 12 umepotea milimita 6, na hakuna kukaza uzi kutakakoliponya hilo. Alama ipige kwa ncha ya kisu. Mstari wa kalamu una unene wake, ilhali mfereji wa freti wenyewe ni kama milimita 0.6. Kwa hiyo msumeno wa kawaida wa seremala haufai. Unapanua mfereji, freti zinakaa legelege na kuchomoka. Pima kwanza unene wa ulimi wa waya wako wa freti, yaani ile sehemu inayozama kwenye mfereji, halafu ndipo utafute msumeno unaolingana nao.

Daraja lifungwe mwisho kabisa. Uzi mnene wa E ukiubana sauti hupanda kidogo zaidi, hivyo unahitaji urefu wa ziada wa milimita kadhaa. Sogeza kikalio cha uzi mwembamba wa G, kile kipande cha daraja kinachobeba uzi, mbele karibu kifike mwisho, kiweke kwenye 864, halafu hakikisha vingine vina nafasi ya kurudi nyuma. Kabla ya kutoboa, vuta uzi wa cherehani mahali pa E na pa G. Nafasi kati ya uzi na ukingo wa shingo iwe sawa pande zote mbili.

Mninga unafaa, kiwiliwili na shingo. Ni mti unaosinyaa kidogo sana ukikauka, lakini uwe umekauka kweli. Andika uzito wa ubao kila wiki, na uanze kazi uzito ukiacha kushuka. Shingo ipasue vipande vitatu vya urefu, cha kati ukigeuze kichwa chini, kisha gundisha; kimoja kikitaka kupinda, wenzake wanamzuia. Vaa barakoa unapopiga msasa, vumbi la mninga hushambulia pua na kifua.

Mpingo uache kwa ubao wa freti tu. Shingo nzima ya mpingo itakuwa nzito mno, gitaa litakuinamia upande wa kichwa ibada nzima. Kwa freti 20 unahitaji kipande kilichonyooka cha zaidi kidogo ya milimita 600, nacho si rahisi kupata kwa mti uliojipinda vile. Kabla ya gundi, ufute kwa asetoni kutoa mafuta.

Nondo hapana. Nyuzi nne za besi huvuta shingo kwa nguvu ya kilo 70 na ushei, na nondo huwezi kuirekebisha baada ya kuifukia. Unachohitaji ni chuma maalumu chenye skrubu, kinacholazwa kwenye mfereji chini ya ubao wa freti. Agiza, usibahatishe. Nyuzi zikishafungwa, bana uzi freti ya kwanza na ya mwisho, uangalie mwanya kwenye freti ya saba: kadi ya biashara ipite kwa shida. Ukiwa mkubwa, kaza chuma robo mzunguko, pumzika, pima tena.

Umeme ndio sehemu nyepesi. Pikapu moja, yaani sumaku yenye waya inayonasa mtetemo wa nyuzi, potensiometa mbili za kiloohmu 250 za kuzungusha sauti na toni, kapasita moja ya toni, na waya wa athi hadi kwenye daraja. Huo wa athi ukiusahau, gitaa litavuma mpaka mchungaji ageuke.

Chuma cha shingo kikifika, niandikie upana na kina chake kabla hujachimba mfereji. Vinatofautiana.