Mtoto wa Mbwa Hazoei Upweke kwa Kulia

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba mtoto wake wa mbwa, aliyemchukua akiwa na umri wa wiki 8, hulia na kukwaruza mlango mara tu anapoachwa, na kwamba kila anayemwomba ushauri humwambia afunge mlango aende zake, mnyama atazoea. Jibu hilo nalijua vizuri. Niliambiwa mimi pia, tena kwa kicheko, na mtu aliyefuga mbwa kwa miaka mingi, ambaye alisema mbele za watu kwamba namlea mbwa kama yai. Leo mbwa huyo hulala asubuhi nzima peke yake bila kubweka, na sitaficha kwamba kila nitazamapo video zake namkumbuka yule bwana.

Mtoto wa mbwa wa umri huo ametoka kwenye joto la mama na ndugu zake, na huenda hajawahi kulala peke yake hata usiku mmoja. Kulia anapotengwa ndiyo njia yake ya kutafutwa. Akilia mpaka akanyamaza kwa uchovu, hilo si dalili kwamba ametulia, na mara nyingi hofu yake huanza kujitokeza mapema zaidi, pale anapoona ukichukua funguo au ukivaa viatu.

Kwa sababu hiyo mafunzo yangu yalianzia ndani ya nyumba. Nilifunga mlango wa chumba nikabaki upande wa pili kwa sekunde chache, nikarudi kabla hajaanza kulia, nikaendelea na shughuli zangu kana kwamba hakuna lililotokea. Nilichukua funguo nikaenda kuketi nazo. Nilivaa viatu nikapika navyo, jambo lililowachekesha wote wa nyumbani. Majuma yaliyofuata yalikuwa marudio matupu, na sina haja ya kuyasimulia. Itoshe kusema kwamba muda niliurefusha kwa kufuata hali yake, wala si ratiba yangu, na kwamba katikati ya vipindi virefu niliweka vifupi ili asije akatambua kwamba kila safari huwa ndefu kuliko iliyotangulia.

Kabla ya kumwacha, nilihakikisha amecheza na amekwenda haja. Mbwa mchanga hulala takriban saa 18 hadi 20 kwa siku, kwa hiyo ukiondoka wakati usingizi unamnyemelea, nusu ya kazi imekwisha. Mkojo nao una mipaka yake: kadirio la kawaida ni saa moja kwa kila mwezi wa umri, na wa miezi 2 hawezi kulaumiwa akilowesha sakafu ulipochelewa.

Hapa ndipo watu wanaponiudhi. Wanarudi, wanakuta dimbwi, wanamfokea mnyama, kisha wanasema alijua kosa lake kwa sababu aliinamisha kichwa. Mtafiti Alexandra Horowitz alilichunguza jambo hilo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, akaona kwamba sura hiyo ya hatia hutokana na kukaripiwa kwa mbwa, awe ametenda kosa au hakutenda. Tafadhali acheni kumwadhibu kiumbe ambaye hawezi kuiunganisha hasira yenu na jambo lililopita muda mrefu. Wala msidhani kwamba kumfungia kizimbani kutaiondoa hofu. Mbwa aliyeshikwa na kiwewe anaweza kuvunja meno na kucha akijaribu kutoka.

Msomaji wangu anasema anatakiwa kazini wiki ijayo. Mafunzo haya hayawezi kukamilika kwa siku hizo, na anayeahidi hivyo anamdanganya. Amtafute ndugu, jirani au mlezi wa kulipwa wa kukaa na mbwa mchana, naye aendelee na mazoezi jioni na siku za mapumziko, akiacha simu ikirekodi, kwa maana wengi huanza kuhangaika katika dakika za mwanzo, mlango unapofungwa tu. Akiona mbwa anatokwa na mate mengi, anakataa chakula akipendacho au anajiumiza, amwone daktari wa mifugo, na aende na video hiyo, kwa kuwa mbele ya daktari mbwa atakuwa karibu na mwenyewe na hataonyesha dalili yoyote.